Ukoo wa Ploti

Jina liliitwa mara tatu, na mara zote tatu Peres alilisikia vizuri akakaa kimya.

"Peres Obuya," karani akarudia kwenye kipaza sauti. "Peres Obuya, dirisha la saba."

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo nusu ya Nairobi hukumbuka kwamba ina shida na serikali. Ukumbi wa vitambulisho katikati ya jiji ulikuwa umefurika hadi mlangoni: akina mama na watoto mgongoni, vijana waliomaliza shule juzi, wazee wenye bahasha zilizokunjwa mara nne. Peres aliketi katikati yao akiwa amevaa sketi ndefu ya kijivu na blauzi ya manjano ya mikono mirefu, fomu yake kifuani.

"Dada," mtu akasema nyuma yake, "picha iliyo kwa hiyo fomu ni yako, na jina lililo juu yake ndilo linaitwa. Ama uko na pacha?"

Peres aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, koti la kijani, mabuti ya mpira yenye matope makavu, na harufu ya mbali ya dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Kwani kazi yako ni kusoma fomu za watu?"

"Umeishika kama bango. Hata karani angeisoma kutoka kule."

"Hilo jina nimekuja kulitoa," Peres akasema. "Siwezi kuliitikia siku ya kulitoa."

Mwanamume akafikiri, kwa uzito kabisa, kama mtu aliyeulizwa hesabu. "Sawa. Lakini usipoenda dirishani, litatokaje?"

Peres hakuwa amepanga kucheka siku hiyo. Alicheka. Akainuka, akaenda dirisha la saba, akaweka mbele ya karani hati ya wakili ya kubadilisha jina.

"Uandikwe nani?" karani akauliza.

"Peres Akoth."

"Na jina la baba?"

"Akoth linatosha."

Akoth ni jina alilopewa na mama yake mzazi. Obuya lilikuwa la baba yake mdogo, aliyemwandikisha shule kwa jina lake baada ya wazazi wake kufa, na kwa miaka ishirini na tatu Peres alikuwa amelibeba kama gunia la mtu mwingine.

Alipotoka nje, yule mwenye mabuti alikuwa kwenye ngazi, akimngoja bila kujifanya kwamba hamngoji.

"Limetoka?"

"Limetoka."

"Hongera, Akoth. Mimi naitwa Mbuthia. Nilipoteza kitambulisho ndani ya josho la ng'ombe. Chai ni juu yangu, kwa sababu ni mimi nilikupeleka dirishani."

Walikunywa chai kwenye hoteli ndogo nyuma ya Moi Avenue, mandazi ya moto, vikombe vizito. Mbuthia alikuwa daktari wa mifugo. Alizaliwa Uthiru, na baba yake alizaliwa Uthiru, na babu yake alikuwa na ng'ombe hapo wakati Waiyaki Way ilikuwa njia ya vumbi. Peres alikuwa fundi wa mapazia. Alikuwa na chumba cha kazi Kilimani, cherehani mbili, na alijua madirisha ya nusu ya magorofa ya mtaa ule.

"Kwa hivyo wewe unajua nyumba za watu kutoka ndani," Mbuthia akasema.

"Na wewe unajua ng'ombe kutoka ndani."

Mbuthia alipaliwa na chai, na Peres akampigapiga mgongoni. Mambo yalianzia hapo.

Simu zilifuata, asubuhi na mchana.

"Daktari wa ng'ombe."

"Fundi wangu. Umekula?"

"Niko juu ya ngazi, orofa ya tisa, nimeshika misumari kwa mdomo."

"Sasa unaongeaje?"

"Kwa mapenzi."

"Rudia hiyo."

"Misumari imeniingia, bai."

Jumapili walikuwa wakitembea Arboretum, Peres akiwa amevaa nguo alizojishonea, leo buluu ya bahari, kesho chungwa lililoiva, lakini siku zote mikono mirefu. Siku moja, mwaka wao wa kwanza ukikaribia kwisha, jua lilikuwa kali, akajisahau akakunja mkono wa blauzi. Mbuthia aliona kovu, duara lililokunjamana kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo.

"Hii ni nini, mpenzi?"

"Moto wa jikoni," akasema, akateremsha mkono wa blauzi.

"Na watu wako? Hujawahi kuniambia."

Peres alichuma jani, akalipasua katikati. "Wazazi walikufa nikiwa na miaka sita. Baba mdogo akanichukua. Baadaye tukakosana, Anti Philister akanilea. Ni jirani tu, anauza samaki soko la Kangemi. Ndio hivyo."

"Mlikosana," Mbuthia akarudia.

"Ndio. Tulikosana."

Neno dogo kama hilo. Peres alilichagua kwa sababu lilipita mdomoni bila kukwaruza. Mbuthia naye, aliyekulia katika boma ambapo watu hukosana asubuhi na kugawana pombe ya muratina jioni, alilisikia kwa masikio ya kwao. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutibu, aliposikia kuna kitu kimevunjika alianza kufikiria jinsi ya kukiunga.

Mwezi uliofuata Mbuthia alimwomba waoane. Hakupiga goti. Walikuwa wamesimama kando ya gari lake kuukuu, akiwa ametoka kumzalisha ng'ombe, mikono bado ina sabuni. "Peres, nataka nikirudi kutoka kwa kazi kama hii, mtu wa kumsimulia awe ni wewe. Nilete wazee?"

"Walete. Kangemi, kwa Anti Philister."

Lakini Mzee Zachariah, kaka wa marehemu baba yake Mbuthia na msemaji wa ukoo katika mambo ya ndoa, hakuafiki. "Hatuwezi kupeleka mbuzi wa mahari kwa jirani," alisema nyumbani Uthiru. "Msichana ana mtu wa damu, aliye hai. Kesho atasimama aseme binti yake aliibwa. Tafuta huyo baba."

Mbuthia angeweza kumuuliza Peres. Hakumuuliza. Alikuwa na jina alilolisikia likiitwa mara tatu kwenye kipaza sauti, na alikumbuka Peres akitaja kwamba baba mdogo aliongoza kwaya ya kanisa moja Kawangware. Jumapili mbili za kuulizauliza zilitosha.

*

Peres alipanda kilima cha Uthiru Jumapili hiyo kwa gauni la zambarau aliloshona kwa wiki nzima, na viatu vyeupe alivyovivua njiani ili visipate matope. Alikuwa amealikwa chakula cha mchana na Njambi, mama yake Mbuthia, mama mnene mcheshi aliyempenda tangu siku ya kwanza. Njambi alimpokea mlangoni akamkumbatia, unga wa chapati ukabaki begani pa gauni.

"Ingia, mwanangu. Mbuthia amekuandalia kitu. Hata mimi ameniambia asubuhi hii tu."

Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, Mzee Zachariah kwenye kiti cha kona, Mbuthia amesimama akitabasamu mpaka magego. Na kwenye kochi la katikati, soda mkononi na Biblia gotini, alikuwa Obuya.

Alikuwa amezeeka. Nywele zilikuwa nyeupe, suti ilikuwa imempwaya. Mikono ilikuwa ileile.

"Mwanangu," Obuya akasema, akainuka. Machozi yalikuwa tayari. "Mungu ni mwema. Peres wangu."

Peres alihisi miguu ikimwambia kimbia, miguu ya mtoto wa miaka tisa. Aliikataza. Alisimama pale hadi akahakikisha kwamba ikiondoka itaondoka kwa kutembea. Kisha akamtazama Mbuthia.

"Nani amemleta huyu?"

"Mimi. Nilitaka—"

"Sawa," akasema. "Mama Njambi, samahani. Chakula chako sitaweza."

Akatoka. Mbuthia alimfikia chini karibu na geti.

"Peres, ngoja. Ni mzee sasa. Analia. Anaomba msamaha."

"Amekuomba wewe?"

"Anakuomba wewe."

"Basi mimi ndiye ningeulizwa kama nataka kuombwa. Umekaa na huyu mtu, mmekunywa soda, mmepanga siku. Yangu ilikuwa kuingia tu na gauni."

"Ulisema mlikosana. Watu hukosana. Nilifikiri—"

"Ulifikiri. Hukuuliza."

"Niambie basi. Niambie sasa nijue."

"Siwezi kukuambia nikiwa nimesimama kwa geti, na yeye yuko ndani anakula chapati zangu," Peres akasema, na akashuka kilima na viatu vyake mkononi.

*

Siku kumi simu ililia, na siku kumi haikujibiwa. Mbuthia aliandika: *Umekula?* Aliandika: *Nimekosa. Sijui ukubwa wake, lakini najua nimekosa.* Peres alisoma yote akiwa amepanda ngazi kwenye madirisha ya Kilimani, misumari mdomoni, kisha akarudisha simu mfukoni.

Anti Philister hakumbembeleza. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini, leso kiunoni, harufu ya samaki wa kukaushwa isiyotoka hata Krismasi. Alimwekea ugali mbele, akaketi.

"Utaachana naye?"

"Sijui, Anti."

"Ukiachana naye kwa sababu ni mjinga, sawa, wajinga ni wengi. Lakini usiachane naye kwa sababu ya Obuya. Huyo alikula miaka mitano yako. Usimwongezee."

Peres alikula nusu ya ugali. Kisha akachukua simu.

"Kesho saa nane mchana," akamwambia Mbuthia alipopokea. "Kangemi, kwa ploti. Usilete kitu. Usilete mtu."

"Nitakuja."

"Na uoge. Usinijie na ng'ombe."

Upande wa pili ikasikika pumzi ya mtu aliyekuwa ameishikilia siku kumi.

Ploti ile ilikuwa vyumba kumi na viwili vya mabati vinavyotazamana, uwanja mwembamba wa saruji katikati, mfereji mmoja, kamba za nguo kila upande. Peres alimpitisha Mbuthia katikati ya shuka zilizoanikwa hadi mlango wa sita. Sasa kilikuwa chumba cha wanandoa wachanga, na pazia la maua lilipepea mlangoni.

"Tuliishi hapa," Peres akasema. "Nataka uangalie mlango nikikuambia. Usiniangalie mimi."

Mbuthia akaangalia mlango.

Alimwambia yote, kwa sauti ya kawaida, huku watoto wa ploti wakicheza mpira wa karatasi. Kwamba chapati ziliungua akiwa na miaka tisa, na Obuya akambandika kikaango mkononi ili ajifunze. Kwamba waya wa pasi ulikuwa unaning'inia msumarini, na kila jioni alikuwa akiuangalia kwanza kabla ya kuangalia uso wa mtu. Kwamba Jumapili alikuwa akisimama mbele ya kwaya na soksi nyeupe, watu wakimsifu Obuya kwa kulea yatima. Kwamba Desemba moja, akiwa na kumi na mmoja, kwaya ilienda Kisumu kwa mkutano, na Obuya akamfungia ndani kwa kufuli, na mkebe mmoja wa maji, kwa sababu Peres alikuwa amemwambia mwalimu.

"Siku ya tatu sikuwa naita tena. Nilikuwa nagonga kwa kijiko. Mzee Ndambuki wa chumba cha nane, alikuwa bawabu, alikuwa analala mchana, akasikia. Akakata kufuli kwa msumeno wa chuma. Anti akanibeba. Obuya aliporudi kunichukua, Anti aliketi mlangoni pake na kisu cha samaki kwa magoti. Wapangaji wote wakatoka wakasimama. Kisha wakaandamana na Anti hadi kwa chifu, na ikaandikwa nikae kwa Anti. Obuya akahama mwezi huo."

Mbuthia alikuwa bado anaangalia mlango. Shavu lake lilikuwa limelowa.

"Nikimpata huyo mtu..." alianza.

"Utamfanya nini? Utampiga?" Peres akamgeuza uso. "Mimi nimeishi na mwanamume anayepiga. Ukienda kumpiga, umenifanyia nini mimi?"

"Basi nifanye nini? Niambie, nitafanya."

"Usinipiganie. Usinisemee. Usinitengeneze, mimi si ng'ombe. Kitu kikinihusu, uliza. Na nikisimama mimi, simama karibu. Hiyo tu. Lakini hiyo tu si rahisi, Mbuthia. Wewe ni mtu wa kurekebisha."

"Najua." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nikuulize moja?"

"Uliza."

"Bado naweza kuleta wazee?"

Peres akatazama kamba za nguo, mfereji, Mzee Ndambuki aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti la juzi kwenye kiti chake.

"Walete," akasema. "Hapa. Mlango wa Anti, namba tisa. Na kama mzee wako anataka mtu wa damu, akaoe yeye mwenyewe huko."

Mbuthia alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mmoja wa watoto akamuuliza Peres kama huyo mtu ni mgonjwa.

*

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, wapangaji walifagia ploti tangu alfajiri. Shuka zilitolewa kambani, viti vikaazimwa kanisani, na Peres akashona pazia refu jeupe lililofunika ukuta wa mabati kuanzia chumba cha kwanza hadi cha sita. Yeye mwenyewe alivaa gauni jekundu. Lilikuwa na mikono mifupi. Anti Philister alipomwona akitoka nalo, alimtazama mkono, akamtazama uso, akamfunga mkufu shingoni.

Wageni wa Uthiru walifika saa tano: Njambi na dada zake kwa leso zinazofanana, wazee watano wenye kofia, Mzee Zachariah mbele na fimbo yake, Mbuthia nyuma kwa suti ya kijivu, kama ada inavyotaka bwana harusi akae nyuma. Walipokuwa wanaketi, geti likagongwa tena. Obuya akaingia, Biblia kwapani.

"Nimeitwa," akasema kwa sauti ya kanisani. "Mimi ndiye baba wa msichana."

Mzee Zachariah alikohoa. "Ni mimi nilimpigia. Mbuthia aliniambia msichana hataki aje, lakini hakuniambia sababu, na shughuli hii haiwezi kwenda bila mtu wa damu. Mambo ya kale yasamehewe leo."

Kweli Mbuthia hakuwa amemwambia. Aliona kuwa hadithi ile haikuwa yake kuisimulia. Sasa alikuwa amesimama, ngumi zimekazwa. Alimtazama Peres na kumuuliza kwa macho. Peres akatikisa kichwa kidogo. Mbuthia akasogea hatua mbili hadi akawa kando yake, na akanyamaza. Mzee Ndambuki naye alikuwa ameinua fimbo.

"Mzee, keti," Peres akamwambia Ndambuki kwa upole. "Huyu ni wangu."

Akatembea hadi katikati ya uwanja.

"Baba mdogo."

"Mwanangu."

"Uliniambia nikisema, nitakufa. Unakumbuka? Uliniambia hapa, mlango ule. Basi nimesema. Nilimwambia mwalimu, nikamwambia Anti, nikamwambia wakili, nikamwambia mwanamume atakayenioa. Leo nawaambia hawa wazee. Na bado niko hai."

Aliinua mkono wake ili wote waone. "Hiki ni kikaango. Nilikuwa na miaka tisa. Mgongoni ni waya wa pasi. Huko siwaonyeshi. Sioni aibu, lakini mgongo wangu si maonyesho. Na siku tatu nilifungiwa chumba kile, naye akiwa Kisumu anamwimbia Mungu."

Njambi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Ilikuwa kumrudi mtoto," Obuya akasema. "Sisi sote tulichapwa tukakua. Nani alikulisha? Nani alikusomesha? Na nimeomba msamaha, mbele ya huyu mzee nimelia."

"Ulilia kwa sababu ulisikia kuna mbuzi," Anti Philister akasema kutoka mlangoni pake.

Mzee Zachariah akagonga fimbo chini, taratibu, bila nguvu. "Mwanangu, aliyoyafanya ni mabaya. Lakini wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji."

"Ni kweli, mzee," Peres akasema. "Uzito wake naujua. Mimi ndiye niliyekuwa naipangusa sakafuni."

Mzee Zachariah aliegemeza fimbo kwenye kiti. Alivua kofia. Alikaa hivyo, kofia gotini, kwa muda ambao wengine waliona ni mrefu sana, na Njambi akasema kwa sauti ya chini lakini iliyosikika: "Shemeji, unangoja nini?"

Mzee akainuka. "Bwana Obuya, mimi ndiye niliyekuita. Kosa ni langu, na ni mimi nitakayekusindikiza." Akamshika kiwiko.

Obuya alitazama huku na huku. Wapangaji walikuwa wametoka vyumbani, wa zamani waliomjua na wapya wasiomjua, wamesimama kila mmoja mlangoni pake. Obuya alipofika getini aligeuka.

"Peres, unanisamehe au hunisamehe? Sema nijue."

"Msamaha ukija, utanijia mimi, kwa wakati wake," Peres akajibu. "Si kitu cha kukupa leo uondoke nacho."

Geti likafungwa. Hapo ndipo Peres alipotafuta mgongo wa kiti kwa mkono, na Mbuthia, aliyekuwa karibu kama alivyoambiwa, akauliza polepole: "Nikushike?"

"Nishike."

Mzee Zachariah alirudi peke yake baada ya kumfikisha barabarani. Hakuingia. Alisimama nje ya geti akabisha upya kana kwamba ndiyo kwanza anafika. "Hodi hapa. Sisi ni wageni kutoka Uthiru. Tumesikia kwenye boma hili kuna msichana."

Mzee Ndambuki alirekebisha koti lake la ubawabu alilolipiga pasi kwa ajili ya siku ile. "Karibuni. Msichana yupo."

"Kabla hatujaendelea, ada inataka tujue. Ninyi ni wa ukoo gani?"

Hapo palikuwa na tatizo. Mzee Ndambuki alikuwa Mkamba wa Machakos. Anti Philister alikuwa Mjaluo wa Siaya. Chumba cha pili walikuwa Wamaragoli, cha kumi alikaa mama Mkisii na binti zake, na wanandoa wa chumba cha sita walikuwa wameingia mwezi uliopita. Ndambuki aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Sisi," akasema, "ni ukoo wa ploti."

Wazee wa Uthiru wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, na Mzee Zachariah akamkata jicho.

"Ni ukoo mkubwa?" akauliza, bila mzaha.

"Vyumba kumi na viwili. Ukisikika unalia, tunakuja na msumeno."

"Basi ni ukoo mzuri," Mzee Zachariah akasema. "Mzee mwenzangu, umuulize binti yako kama tunaruhusiwa. Kwetu hakuna kinachopokelewa kabla ya msichana kuulizwa."

Ndambuki hakuwa amejua jambo hilo. Lilimpendeza. Alisimama wima kama alivyokuwa akisimama kazini zamani gari la mwenye nyumba likiingia.

"Peres. Hawa watu unawajua?"

"Nawajua."

"Tupokee walicholeta? Ukisema hapana, wanarudi nacho, na geti nitawafungulia mwenyewe."

Peres hakujibu mara moja. Katika maisha yake ya utotoni alivishwa, alihamishwa, aliandikishwa, alifungiwa, na hakuna hata siku moja mtu mzima alisimama mbele yake akangoja neno lake. Sasa ploti nzima ilikuwa ikingoja, na Uthiru nzima. Aliiacha ingoje.

"Nafikiria," akasema.

"Peres, jasho linaniua," Mbuthia akanong'ona.

"Vumilia, daktari." Alimtazama toka viatu hadi kichwani, akatabasamu, kisha akamgeukia Ndambuki. "Pokeeni, Mzee."

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Anti Philister, na kilikatikia njiani kwa sababu alikuwa analia. Njambi akakimalizia. Kisha wanawake wa Uthiru wakaanza wimbo kwa Kikuyu, Anti akaujibu na mwingine kwa Kijaluo, mama wa chumba cha kumi akatia wa Kikisii, na kwa kuwa hakuna aliyejua maneno ya mwenzake, wakakubaliana kupiga makofi.